Mashine ya Mezani ya Bruda Renatus

Siku ya Jumanne, mwezi wa saba mwaka 1994, Euphrasia Masatu alirudi karakanani Nyakato akitembea haraka kiasi kwamba kanga ilimfunguka njiani mara mbili. Alikuwa ametoka mjini, mtaa wa Iringo, kununua misumeno ya chuma. Misumeno hakununua. Alikuwa amesimama mbele ya ubao wa matangazo wa kanisa, akasoma karatasi moja mara tatu, kisha akageuza njia.

"Baba Boke!" aliita kabla hajaingia. "Acha hicho unachofanya. Bunda wanauza mashine."

Mwikwabe hakuinua kichwa. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na sita, mtu wa Tarime, mfupi, mwenye vidole vinene kama mihogo. Ndiye aliyemfundisha Euphrasia kazi kwenye karakana ya shirika moja la umma, miaka ile ya dhiki ambapo bolti moja ikikatika lori lililala miezi sita. Shirika lilipofungwa, wao wawili waliungana wakafungua karakana yao hapa Nyakato. Walikuwa na mashine moja ya kukereza, keekee moja ya kutobolea, jiliwa mbili za kubania chuma, na tupa nyingi za kila aina. Katika Musoma nzima Euphrasia hakujua mwanamke mwingine anayekereza chuma, na watu walikuwa wameshachoka kumshangaa.

"Wanauza mashine gani?" Mwikwabe aliuliza.

"Ya kuchonga. Ndogo, inakaa mezani. Lakini inajichonga yenyewe! Unaiandikia namba, yenyewe inafuata. Ina kompyuta."

Sasa Mwikwabe aliinua kichwa. "Mama Silasi, mimi kompyuta nimeiona mara moja, benki. Ilikuwa imefunikwa kitambaa."

"Twende tukaione. Kuona si kununua."

"Nakujua wewe. Kwako kuona ndiyo kununua kwenyewe."

Lakini kwenye meza yake, wakati huohuo, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye vipande vinne vya chuma, na vipande hivyo ndivyo vilivyomfanya akubali kwenda. Vililetwa na Getruda, mama wa Butiama anayeongoza kikundi cha kufuma masweta ya shule. Kikundi kilikuwa na mashine sita za kufumia, zawadi ya miaka ya nyuma, na nne zilikuwa zimekufa kwa ugonjwa mmoja. Ndani ya kila mashine kuna kipande kidogo, hakizidi kidole gumba, chenye mgongo uliopinda kama mgongo wa paka. Sindano zote hupita juu ya mgongo huo. Unazipandisha, unazishusha, na uzi unageuka kuwa vitanzi. Mgongo ukilika, sindano zinaruka na sweta linatoka na matundu.

Kipuri hicho hakikupatikana Mwanza wala Nairobi. Mwikwabe alikuwa ametengeneza kimoja kwa tupa, siku tatu, macho yakimtoka machozi. Kilikuwa kizuri kukitazama. Getruda alikwenda nacho Butiama akakirudisha wiki iliyofuata. "Kinafuma, baba," alisema kwa upole, "ila kila mstari kinadondosha vitanzi viwili."

Kesho yake asubuhi walipanda basi la Bunda. Kopo la maziwa lilikuwa mapajani mwa Euphrasia.

*

Kituo cha ufundi walichokwenda kilikuwa nje kidogo ya mji, majengo matatu ya matofali ya kuchoma na bustani ya mapapai. Wafadhili walikuwa wamemaliza muda wao, walimu wa kigeni walikuwa wameondoka, na aliyebaki kufunga milango alikuwa Bruda Renatus, mwanamume mwembamba aliyevaa kandambili na kanzu nyeupe yenye madoa ya oili.

"Karibuni. Vitanda vimekwisha, majembe yamekwisha," alisema. "Mmekuja kwa mashine?"

Aliwapeleka chumba cha mwisho na kuondoa shuka.

Euphrasia alikuwa ameitarajia kubwa. Hii ilikuwa na ukubwa wa sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, imepakwa rangi ya kijani kibichi, meza yake ya chuma imeng'aa kwa kutumika. Kando yake kulikuwa na kisanduku chenye vitufe na kioo kidogo. Bruda alichomeka waya. Kioo kiliwaka herufi za kijani, kitu ndani kikanguruma, na kisu cha kuchongea kikaanza kuzunguka. Kisha, bila mkono wa mtu, meza ilisogea kushoto. Ikasimama. Ikasogea mbele. Kisu kilishuka kwenye kipande cha plastiki kilichofungwa pale na kuanza kuandika, polepole, kwa mwandiko wa mwalimu: BUNDA.

Euphrasia aligundua kwamba alikuwa amemshika Mwikwabe mkono.

"Hilo ndilo walilonifundisha," alisema Bruda. "Inaandika Bunda. Nikibonyeza kile kingine inaandika Karibu. Zaidi ya hapo sijui. Mwalimu wake ameshaondoka. Vitabu vimebaki."

"Vya Kiingereza?" Euphrasia aliuliza.

"Vya Kiingereza, na michoro mingi."

Mwikwabe alikuwa ameinama, anatazama chini ya meza ya mashine, anasukuma hiki, anagonga kile kwa ukucha. Alipoinuka alikuwa amekunja uso. "Bruda, umeme wa hapa unakatika mara ngapi?"

"Na mgawo huu wa mwaka huu? Kila siku."

"Ikiharibika hicho kisanduku, nani anakifungua?"

Bruda Renatus aliangalia kandambili zake. "Ukweli, simjui."

"Umesikia, Mama Silasi?" Mwikwabe alimgeukia. "Tulikuwaga na mashine ya kisasa kule shirikani, umeisahau? Ilikosa kidude kimoja, kama kipande cha biskuti. Miaka minane tuliifunika turubai. Kuku walikuwa wanataga humo."

Hakuwa ameisahau. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiokota mayai. Lakini macho yake yalikuwa bado kwenye neno lile la plastiki, kwenye mkia wa herufi D uliopinda bila kigugumizi, na alikuwa anafikiria mgongo wa paka.

"Bruda," alisema, "ukitupa siku mbili tuijaribu, utatukatalia?"

Bruda alifikiri. Alisema yupo mfanyabiashara wa Mwanza, anaitwa Mhoja, ambaye angekuja Ijumaa jioni. Huyo alitaka mota zake na shaba iliyo ndani, basi, kompyuta angeitupa. "Mimi ningependa iende kwa mtu atakayeitumia. Lakini kituo kinafungwa, na fedha za watumishi wa mwisho zinatoka hapa. Hadi Ijumaa saa kumi na mbili jioni nawasubiri ninyi. Ikipita hapo ni ya Mhoja."

Waliteremsha mabegi.

*

Siku ile nzima Euphrasia hakutoka chumbani. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha pili, lakini michoro haikuhitaji Kiingereza, na kufikia mchana alikuwa ameshika siri yake. Mashine haikujua kitu chochote kuhusu migongo ya paka. Ilijua kwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Ilitaka tu iambiwe kiasi gani. Milimita moja iliandikwa mia moja. Nusu milimita iliandikwa hamsini.

"Ni hesabu ya darasa la saba," alimwambia Mwikwabe, akicheka peke yake. "Baba Boke, ni ile ya kuchora grafu! Mwalimu wangu alinichapa kwa ajili yake."

Alichagua kipande kilicholika kidogo kuliko vyote, akakipima kwa venia, kile kipimo cha mafundi, mahali arobaini na tatu, akaweka alama kwenye karatasi ya miraba, akaziunganisha. Sehemu iliyolika aliijaza kwa jicho, na hapo alimwita mwalimu wake.

"Hapa palikuwaje, kabla hapajaliwa?"

Mwikwabe alikichukua kipande, akafumba macho, akakipitishia kidole gumba mara tatu. "Palijaa zaidi. Hapo ulipochora pamebonyea. Panda unywele mmoja. Haya, na nusu."

Alipanda unywele na nusu. Mgongo ukakaa sawa kwenye karatasi.

Kufikia jioni namba zote zilikuwa kwenye daftari. Walifunga kipande cha shaba ya manjano kwenye jiliwa ya mashine, Euphrasia akaandika namba moja moja kwenye vitufe, akavuta pumzi, akabonyeza. Meza ilisogea vizuri hadi pembeni. Kisu kikashuka. Kikaendelea kushuka. Palisikika mlio kama wa mfupa wa kuku, na nusu ya kisu ikaruka ikagonga dirisha.

Bruda Renatus alikuja mbio. Euphrasia alikuwa amesimama mikono kichwani. Palepale aliliona kosa kwenye kioo: badala ya hamsini alikuwa ameandika mia tano. Alikuwa ameiambia mashine izame milimita tano, nayo ikatii.

"Vimebaki visu vingapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vitatu."

Walilala kwenye vyumba vya wageni, na asubuhi ya Alhamisi Euphrasia aliamka mapema. Alimkuta Mwikwabe ameshatangulia kwenye chumba cha mashine. Juu ya meza ya mashine, ndani ya jiliwa, palikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia.

"Nimekiomba kwa Bruda," alisema Mwikwabe. "Sabuni haivunji kisu. Ikikosea, tunafulia."

Euphrasia alimtazama. Huyu ndiye mtu aliyesema wasinunue.

"Mwaka wa themanini na tatu ungechezea sabuni hivi wangekufunga," alisema.

"Mwaka wa themanini na tatu mke wangu alipanga foleni siku mbili kwa mche kama huu. Nisingeuleta hata kwa bunduki. Bonyeza."

Alibonyeza. Kisu kilishuka nusu milimita, kikaanza safari. Vipande vyeupe vilikunjana na kuanguka kama nazi iliyokunwa. Kilikwenda, kikapinda, kikapanda mgongo, kikateremka, kikarudi mwanzo. Kikashuka nusu nyingine na kurudia. Ilipomaliza, Mwikwabe alipuliza unga wa sabuni, na mgongo wa paka ulikuwa umekaa pale, mweupe, laini, mzima.

Bruda Renatus alipiga makofi. Euphrasia alicheka hadi akakaa chini. Mwikwabe alikitoa kipande kile cha sabuni, akakipitishia kidole gumba mara tatu, macho yamefumbwa, na alipoyafumbua hakumtazama mtu.

"Weka shaba," alisema.

*

Shaba ilikuwa imefika nusu ya kazi umeme ulipokatika.

Mngurumo ulishuka, kisu kikasimama ndani ya shaba, kioo kikawa cheusi. Walikaa nje kwenye kivuli cha ukuta wakila mapapai ya Bruda. Euphrasia alikuwa na uhakika kwamba umeme ukirudi kazi itaendelea ilipoishia. Ulirudi saa tisa. Aliwasha. Kioo kiliwaka, herufi za kijani zikatokea, na chini yake hapakuwa na kitu. Namba zote zilikuwa zimepotea. Mashine haikukumbuka hata mahali meza yake ilipokuwa.

Alijaribu kila kitufe. Kitabu kilisema zipo kanda za kuhifadhia kazi. Bruda alizileta, zote tatu, na mchwa walikuwa wameshazila maganda na kuzikata utepe.

Hapo ndipo moyo wa Euphrasia ulipovunjika. Alifunga kitabu. "Ulisema kweli, Baba Boke. Kila siku umeme unakatika, na kila siku itasahau. Na hii shaba imeharibika katikati. Turudi nyumbani tu."

Alikuwa anafikiria kiwanja chao cha Bweri, na akiba yao ya miaka mitatu kwa ajili ya karakana mpya yenye paa la bati jipya. Alijiona mjinga. Alijiona anaokota mayai tena chini ya turubai.

Mwikwabe alikuwa ameinamia jiliwa, pua yake karibu iguse shaba.

"Hatujakifungua," alisema.

"Nini?"

"Kipande. Hakijasogea jiliwani. Kama tukiionyesha mashine kona ileile tuliyoanzia, itapita njia ileile. Mahali ilipokwishachonga itapita hewani. Ikifika palipobaki, itachonga. Si inafuata tu namba? Yenyewe haijui kama ilikwishapita."

"Namba zimepotea."

"Zimepotea kwake." Alinyoosha kidole kwenye daftari. "Kwako zipo. Mimi nasoma, wewe andika."

"Na kona? Tutaipataje kona ileile? Tukikosea hata unywele..."

Mwikwabe alitoka nje. Alirudi na karatasi moja nyembamba ya kusokotea tumbaku, aliyoiomba kwa mlinzi. Aliiweka kati ya kisu na ukingo wa shaba, akaishika kwa vidole vile vinene kama mtu anayeshika bawa la nzige, na huku akiivuta mbele na nyuma alimwambia Euphrasia asogeze meza kwa kitufe, kidogo, kidogo tena. Karatasi iliteleza. Iliteleza. Kisha ikakwama.

"Hapo! Usiguse. Ndivyo tulivyokuwa tunafanyaga kabla hujazaliwa."

"Nilikuwa nimezaliwa."

"Basi kabla hujajua kunijibu."

Walitafuta ukingo wa pili namna ileile, kisha uso wa juu. Halafu Mwikwabe alivaa miwani, akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya katekista, namba baada ya namba, na Euphrasia akaandika. Mara mbili alimsimamisha arudie. Mara moja Mwikwabe alimsimamisha yeye: "Umeandika mia sita. Ni sitini. Unataka kupiga dirisha tena?"

Alibonyeza. Kisu kilipita hewani, kikamaliza mzunguko wa kwanza bila kugusa kitu, na wa pili pia. Kwenye mzunguko wa tatu kiliingia ndani ya shaba pale hasa kilipokuwa kimeishia, na hata ukikodoa macho hukuona mahali palipoungana.

"Yesu na Maria," alisema Bruda Renatus.

Mwikwabe alivua miwani akaifuta na shati, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa anatabasamu. Miaka kumi na saba Euphrasia alikuwa amefanya kazi na mtu huyu, na tabasamu la namna ile aliliona siku moja tu, siku binti yake Boke alipozaa mapacha.

Hata hivyo, walipokuwa wakikusanya vitu vyao jioni ile, alisema jambo moja tu. "Sijasema tununue. Tupeleke Butiama kwanza. Mashine ya Getruda ndiyo itakayosema."

*

Waliondoka Ijumaa alfajiri. Waliposhuka basi njia panda walipata lifti ya pikipiki ya bwana shamba, mmoja baada ya mwingine, na kufikia saa tano walikuwa kwenye chumba cha kufumia cha akina mama wa Butiama, nyumba ya mawe iliyozungukwa na migomba.

Getruda alikuwepo na wenzake watano. Mmoja, bibi aliyeitwa Nyamburi, alikipokea kipande cha shaba, akakigeuza mwangani.

"Kizuri kama hereni," alisema. "Kile cha kwanza nacho kilikuwa kizuri."

Mwikwabe alivua kofia. "Ni kweli, mama. Kile kilikuwa changu. Hiki ni chetu, na mashine."

Euphrasia alifungua mashine mojawapo iliyokufa, akafunga kipande kwa skrubu mbili, akatia tone la oili. Getruda alivuta kiti, akatega uzi wa rangi ya buluu, rangi ya shule moja ya jirani, akaweka mkono kwenye kisukumio. Alikisukuma kulia. Sindano zilipanda na kushuka kwa wimbi moja, kama watu wanaosimama na kukaa kanisani. Alikisukuma kushoto. Kulia. Kushoto. Kitambaa kilianza kuning'inia chini ya mashine.

"Subiri," alisema Nyamburi. Alipiga magoti sakafuni, akavuta kitambaa kwa vidole vyote kumi, akakiangalia dhidi ya dirisha. Alihesabu vitanzi kwa midomo. Aliendelea hivyo muda mrefu sana.

"Endelea," alimwambia Getruda.

Mistari ishirini. Arobaini. Mia. Nyamburi alihesabu tena. Kisha akasimama, akageuka, akapiga kigelegele kilichofanya kuku wa nje wakimbie, na wenzake wakamjibu. Getruda hakuacha kufuma. Alikuwa anafuma na kucheka na machozi yanamtoka, na alipoweza kusema aliuliza swali la mtu wa kazi:

"Shaba ni laini kuliko chuma. Hii nayo si italika?"

"Italika," alijibu Euphrasia. "Labda mwaka, labda miezi minane. Ikilika utaniletea habari tu, hata kipande usilete. Namba zake ninazo. Dakika arobaini, umepata kingine kilekile."

Alipojisikia akisema *kilekile*, aliweka bisibisi chini. Aliona vipande vinne vilivyofanana, sita, kumi na viwili. Aliwaza pampu za maji zilizokufa Majita kwao, injini za boti, mashine za kusaga zilizozagaa kila kijiji tangu biashara ilipofunguliwa. Aliona pia umeme unakatika, na kisanduku ambacho hakuna anayejua kukifungua.

Alitoka nje. Mwikwabe alimfuata wakasimama kwenye migomba.

"Naogopa," alisema Euphrasia. "Tangu Jumanne mimi ndiye ninayetaka, na sasa naogopa. Ile ni fedha ya paa. Kisanduku kile kikifa mwaka kesho, nitakuambia nini? Nitawaambia nini watoto wangu?"

Mwikwabe alichuma jani kavu la mgomba, akalikunja. "Mimi nilikuwa naogopa kitu kingine," alisema. "Si kisanduku. Nilisema kisanduku, lakini siku ile ilipoandika Bunda, nilijiambia: Mwikwabe, miaka thelathini na nne ya tupa imekwisha leo. Mikono yako haina kazi tena."

"Baba Boke..."

"Ngoja nimalize. Jana nimeona. Ile mashine ni kipofu. Ina nguvu, haichoki, lakini ni kipofu. Haijui kona iko wapi mpaka mtu aionyeshe kwa karatasi ya tumbaku. Haijui mgongo ulikuwaje kabla haujalika. Kwa hiyo ina kazi na mimi." Alitupa jani. "Kikifa kisanduku, kitakuwa kimekufa. Meza ile tutaifunga mpini, tuisogeze kwa mkono, mimi nimeshaangalia chini, inawezekana. Kuku hawatataga humo. Tununue."

"Na paa?"

"Paa la sasa linavuja upande mmoja. Tutaiweka upande wa pili."

Euphrasia alianza kucheka, kisha akaangalia jua. Lilikuwa limeshapita utosi. "Bunda!" alisema. "Saa kumi na mbili!"

*

Hapakuwa na simu ya kumpigia Bruda, na bwana shamba alikuwa ameshaondoka. Walikwenda kwa miguu hadi barabara kuu, Mwikwabe akihema, Euphrasia akiwa mbele hatua ishirini kisha akirudi kumngoja. Basi moja lilipita limejaa, halikusimama. Hatimaye lori la pamba lililokuwa linakwenda kiwandani Bunda lilipunguza mwendo, na utingo akapiga kelele kwamba nafasi ipo juu tu. Walipanda juu ya magunia. Euphrasia alikuwa hajapanda juu ya lori la pamba tangu usichana wake. Upepo ulimvuta kitambaa cha kichwa, magunia yalikuwa laini kama godoro la harusi, na Mwikwabe, mzee mzima, alikuwa amelala chali ameshika kofia yake na kuimba wimbo wa Kikurya wa vijana waliotoka jandoni.

Walifika kituoni saa kumi na moja na nusu. Gari dogo la mizigo lilikuwa limesimama mlangoni, na ndani ya chumba Mhoja wa Mwanza, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa amekwishatoa spana.

"Saa yangu inasema bado nusu saa," Bruda Renatus alikuwa akimwambia.

"Bruda, hao hawaji. Mimi nipo hapa, na fedha ninayo. Naongeza elfu hamsini."

"Tumekuja," alisema Euphrasia mlangoni. Alikuwa na pamba kwenye nywele.

Mhoja aliwatazama, mwanamke na mzee, wote weupe kwa manyoya ya pamba, akacheka bila ubaya. "Mama, hii ni chuma chakavu. Utaifanyia nini?"

Euphrasia alitoa mfukoni kitambaa alichopewa na Getruda, kiasi cha kiganja, buluu, kisicho na tundu hata moja. Hakuwa na maneno mazuri. Alisema tu, "Imetengeneza hiki."

Mhoja alikishika, akakivuta, hakuelewa, na akamgeukia Bruda kuhusu zile elfu hamsini. Bruda Renatus alitazama saa yake, na Euphrasia aliona kwamba fedha hiyo ingekuwa na maana kwake, kwa watumishi wake wa mwisho. Kisha Bruda akatikisa kichwa. "Niliahidi hadi saa kumi na mbili," alisema. "Mhoja, mota za pampu ya kisima bado zipo. Njoo nikuonyeshe."

Mapatano yaliandikwa jioni ile, karatasi moja, sahihi tatu. Fedha ililetwa Jumatatu, na Jumanne mashine ilipanda gari hadi Musoma ikiwa imezungushiwa magodoro mawili, Mwikwabe ameketi nyuma ameikumbatia.

Mwezi wa kwanza walivunja visu viwili. Umeme ulikatika kama kawaida yake, na kila uliporudi Mwikwabe alisoma, Euphrasia aliandika. Wakawa wepesi, kazi ya dakika arobaini ikawa ya kumi na tano. Mwezi wa tisa mashine zote sita za Butiama zilikuwa zinafuma. Mwezi wa kumi mwenye boti mmoja alileta sehemu ya injini iliyopasuka, akasema ameambiwa kwamba Nyakato kuna mwanamke na mzee wanaochonga kwa kusoma. Watu walianza kuja kutazama tu, hasa siku za mnada, wakajaa dirishani. Wakati wa mvua za vuli Mwikwabe alijifunza kuandika namba mwenyewe, kwa kidole kimoja, akikaripia yeyote aliyeongea.

Siku ya kwanza aliyoiendesha peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho, Euphrasia alikuwa ametoka kwenda Bweri. Aliporudi alimkuta amesimama kando ya mashine, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kukaguliwa. Kwenye jiliwa palikuwa na gia ndogo ya shaba, meno ishirini na manne, yote sawa.

"Ya nani?" aliuliza Euphrasia.

"Si ya mtu," alisema Mwikwabe. "Nilitaka tu kuiona."